Mraba Mweupe wa Birkett Moss

Jumamosi, 2 Aprili 1994

Mimi, Shay Unsworth, miaka kumi na saba, ndiye binadamu mwenye macho makali kuliko wote kati ya Wigan na Manchester, na huko kwingine sijashindwa kwa sababu sijafika. Naweza kuhesabu chawa kwenye shingo ya njiwa anayepita juu ya mnara wa kanisa, na mimi nimekaa mlangoni kwa muuza chipsi nalamba mchuzi vidoleni. Mwalimu aliyenifukuza shule alisema sioni mbali zaidi ya pua yangu. Ajabu yake ni ipi? Hii pua ni ndefu.

Daftari hili si langu. Ni la Bwana Eckersley, jirani tunayegawana naye ukuta. Mwezi wa tatu aliteleza kwenye ngazi za uani akavunjika nyonga, na sasa kitanda chake kimeshushwa sebuleni, dirishani. Huyu mzee kwa miaka ishirini na sita ameandika kijitabu cha kuwaongoza watazama ndege pale Birkett Moss, kile kinamasi cha mboji kinachoanzia nyuma ya nyumba za mwisho. Kina ramani aliyoichora kwa wino na vituo vinane vya kusimama. Chama chao kina watu tisa, na nadhani watatu wamekufa bila kutoa taarifa. Mwaka huu alitaka kutoa toleo la saba, lakini miguu hana. Leo akagonga ukuta kwa fimbo. Nikaenda.

"We kijana, siku hizi unafanya nini?"

"Mambo mengi."

"Nitajie moja."



Basi amenipa darubini, ramani na hili daftari. Kazi yangu ni kuzunguka vituo vinane, kuandika ndege niliowaona, na kurekebisha ramani pale ambapo kampuni ya mboji imeshakwangua ardhi. Tarehe mosi Julai namrudishia kila kitu. Hesabu za ndege nitaziandika mbele, mambo yangu nyuma, na kurasa zangu nitazichana kabla ya kurudisha. Daftari ni nene, hatagundua.

Jumapili, 3 Aprili

Mvua. Vituo vinane, ndege wawili. Mmoja alikuwa mfuko wa plastiki.

Jumanne, 5 Aprili

Kijitabu cha mzee kinaongea kama yeye mwenyewe. "Kituo cha 1: egesha gari kando ya lango la kijani, lakini usilizibe. Rigby hasahau." "Kituo cha 3: ukizama hadi goti, umepita kituo cha 3." Mimi nilizama hadi paja. Kiatu cha kushoto kimebaki huko, kitachimbuliwa na wasomi baada ya miaka elfu.

Ramani imejaa. Kila mtaro umo, kila lango, hadi mti mmoja ulioandikiwa "ulianguka 1987." Lakini kati ya kituo cha 5 na cha 6 kuna mraba mmoja hauna kitu. Hakuna mstari wala neno, weupe tu, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Nikamwuliza.

"Pabaki peupe," akasema.

"Sema tu hujawahi kufika, Bwana Eckersley. Sitakucheka sana."

"Wewe chora vituo vyako, mwanangu."

Hajawahi kufika. Anaogopa tope.

Ijumaa, 8 Aprili

Mama yuko zamu za usiku kwenye kiwanda cha biskuti. Akirudi nimelala, nikiamka amelala. Tunaongea kwa karatasi kwenye mlango wa friji. Yeye: "Pai iko kwenye oveni." Mimi: "Nimeila." Yeye: "Umekula yote?" Mimi: "Ilikuwa ndogo." Ndiyo maongezi marefu ya wiki hii.

Kez, rafiki yangu wa pekee, hajaandika. Alikwenda jeshini Januari, yuko Ujerumani. Alituma kadi moja, nyuma yake maneno sita, mawili yakiwa jina langu.

Jumanne, 12 Aprili

Leo nitaandika sana, nivumiliwe, ingawa hakuna wa kunivumilia.

Kituo cha 6. Kijitabu kinasema: "Kuna mlango wa zamani wa behewa umelazwa juu ya matofali. Kaa hapo. Usifanye lolote kwa dakika ishirini." Nimecheka. Kutofanya lolote ndiyo fani yangu, ningepewa cheti. Nikakaa.

Dakika tano za mwanzo ni rahisi. Halafu unasikia kinamasi kinavyonyamaza. Mbali kule malori ya kampuni ya mboji yananguruma, na zaidi yake barabara kuu, na katikati mimi tu na zile nyasi zenye vichwa vya pamba. Dakika ya tisa nikaanza kumwongelesha Kez. Dakika ya kumi na mbili nikanyamaza, kwa sababu Kez hakujibu. Dakika ya kumi na tano nikamfikiria mzee akiwa amekaa hapahapa miaka ishirini na sita, dakika ishirini kila mara. Zidisha mwenyewe. Mkewe alikufa mimi nikiwa chekechea.

Ndipo ikaja sauti. Kwanza chini, kama maji yanayoanza kuchemka kwenye birika, halafu ikapanda, ikapanda, ikawa mlio mmoja mrefu unaotetemeka hadi nikasimama bila kukusudia. Ndege mkubwa, rangi ya majani makavu, miguu mirefu, na mdomo umepinda kama mundu. Sululu. Nimemtafuta kwenye kijitabu: ukurasa wa 14, mzee ameandika neno moja tu, "Sikiliza."

Akashuka ndani ya ule mraba mweupe.

Nikaruka mtaro kumfuata. Sauti ikatoka kwenye trekta: "We! Umepotea au unaiba?"

Ndiye Rigby mwenyewe, mwenye shamba, uso mwekundu, kofia imeshikana na kichwa kama imeota hapo.

"Natazama ndege."

"Na hivyo viatu vya mpira wa miguu?"

"Ndege hawanitazami viatu."

"Wewe ndiye kijana wa Eckersley?"

"Mimi kijana wa mama yangu."

"Basi toka kwenye majani yangu, kijana wa mama yako."

Jumamosi, 16 Aprili

Mvua. Kozi mmoja juu ya nguzo, amelowa, amekasirika. Tulifanana.

Jumatano, 27 Aprili

Nimewapata. Jike na dume. Nilikaa kituo cha 6 asubuhi nzima na darubini, nikaona jike akitembea ameinamisha shingo kama mtu aliyechelewa ibadani, halafu hayupo. Amekaa chini. Nikahesabu nguzo za waya toka langoni na sasa najua mahali penyewe. Kati ya Wigan na Manchester, nilisema.

Nikakimbia hadi kwa mzee. Nilipomwambia, alininyamazisha kwa kidole, akaniambia nifunge mlango. Ndani tulikuwa wawili tu na paka.

"Umemwambia nani?"

"Paka."

"Shay." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina. "Nilipoanza kutembea pale walikuwa jozi kumi na moja. Mwaka ule mti ulipoanguka walikuwa nne. Sasa ni hao wawili, na miaka mitano hawajakuza kifaranga hata mmoja. Nilipaacha peupe kwa sababu hiyo."

"Nikadhani unaogopa tope."

"Niliogopa watazama ndege."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akasema wezi wa mayai hawamnyimi usingizi, siku hizi wamebaki wachache. Wanaomtisha ni watu wema. "Mtu mwema ataona alama kwenye ramani, atakuja taratibu, atachungulia mara moja tu, ataondoka amefurahi. Halafu mwema wa pili. Wakifika watano wamefungua njia kwenye majani, na kunguru anasoma njia kuliko wewe unavyosoma ramani. Ndege akiinuka dakika kumi, kunguru anahitaji mbili."

Wanaojua ni wawili tu, yeye na Rigby. Kila mwaka mzee hupima hatua ishirini kila upande wa kiota, husimika fimbo mbili za mianzi, na Rigby akija kukata majani ya ng'ombe huzizunguka. Siku ya kusimika, Rigby huleta mfuko wa viazi na mzee humpa chupa ya mvinyo wake wa matunda ya porini, ambao hata kutoa kutu unafaa. Wamefanya hivyo miaka kumi na tisa. Hawajawahi kuandikiana.

"Sasa tunaojua tuko watatu," akasema. "Kesho kasimike wewe."

Alhamisi, 28 Aprili

Nimesimika. Rigby alisimama langoni kuangalia kama nahesabu hatua vizuri. "Hatua za Eckersley ni fupi kuliko zako," akasema, "lakini ndege hatalalamika." Akaniwekea begani mfuko wa viazi vya mzee, na mfukoni akanitilia vinne vyangu. Nimemwachia Mama karatasi: "Viazi ni malipo ya siri." Akajibu: "Siri gani?" Nikaandika: "Siri."

Jumapili, 1 Mei

Dume anaimba. Jike kakaa. Mvua kakaa.

Jumatano, 4 Mei

Kekeo, yule ndege anayetaga kwa wenzake, analia toka kituo cha 2. Mzee anataka kila jioni nimsimulie vituo vyote vinane kwa mpangilio. Nikiruka kimoja anarudisha: "Na cha tano?" "Hakuna kitu cha tano." "Basi niambie hicho hakuna kitu kilikaaje." Zamani ningesema mzee huyu kachanganyikiwa. Sasa nikikaa cha tano najikuta nakariri hakuna kitu, ili nimpelekee kikiwa kizima.

Jumamosi, 7 Mei

Nimekutana na mtu kituo cha 6. Anaitwa Russ, katoka Bolton, miaka thelathini hivi, na kamera yenye lenzi kama bomba la moshi. Ana kijitabu cha mzee, toleo la sita. Tumeongea saa mbili. Alinimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake, akanigawia mkate wa jibini, akanisogezea nusu ya blanketi lake tukakaa. Anauliza maswali mazuri na anacheka pale pa kuchekea. Nikamsaidia kidogo na ramani yake. Jumamosi ijayo anarudi.

Siku nzuri kuliko zote.

Jumapili, 8 Mei

Jua! Mzee kauliza, "Jana kulikuwa na watu?" Nikasema mmoja, wa kawaida.

Jumatano, 11 Mei

Dume juu, jike chini, fimbo mbili zimesimama. Mzee amehesabu kwenye kalenda: wakitotoa, itakuwa kama tarehe ishirini na tano. Amezungushia duara.

Jumamosi, 14 Mei

Nilifika kituo cha 6 saa mbili asubuhi. Nilileta pai mbili, ya viazi na siagi, na ya nyama, achague. Nikasubiri hadi saa nane mchana. Mvua ilikuwa ndogo, si ya kumzuia mtu mwenye gari.

Nimekula pai zote mbili. Karatasi ya friji: "Umekula yote?"

Jumatatu, 16 Mei

Jana sikwenda. Nilikuwa nimenuna, nililala hadi mchana. Nasema tu, kwa sababu nadhani yote yalitokea jana.

Leo nikiwa bado kituo cha 5 nimeona kunguru watatu wakiinuka toka kwenye mraba. Hawakuwa na haraka. Nikakimbia, nikaruka mtaro, nikaanguka, nikaendelea.

Kuna njia. Toka langoni hadi kwenye kiota majani yamelala yote upande mmoja, upana wa mtu, na mwisho wa njia yamelala duara, kama pale ambapo watu wamekaa kwa zamu. Fimbo moja ya mwanzi imeng'olewa na kuchomekwa karibu zaidi, imefungwa uzi, nadhani ilishikilia kitambaa cha kujificha. Hatua tano. Hatua tano toka kiota! Chini kulikuwa na kikopo kidogo cheusi cha kuwekea filamu ya picha.

Mayai yalikuwa manne. Mawili yametobolewa, yamekauka. Mawili hayapo. Jike simwoni. Dume alizunguka juu yangu, akipiga ule mlio, lakini hakuupandisha. Ulikuwa unaanza kuchemka unakatika, unaanza unakatika.

Nikarudisha fimbo mahali pake, hatua ishirini. Sijui kwa nini. Nikapima kabisa, kwa hatua fupi za mzee.

Upande wa pili wa waya kuna alama mbichi za trekta. Ijumaa Rigby alikuwa anavuta rola kusawazisha shamba la jirani, na kwenye kona amekata pembe ya mraba, kidogo sana.

Mzee aliniona usoni kabla sijaongea. "Wamekwisha?"

"Wamekwisha."

Akaigeukia kalenda. Halafu akauliza taratibu, "Rigby?"

Nikasema, "Kuna alama za trekta."

Sikusema uongo. Alama za trekta zipo.

Jumanne, 17 Mei

Sikutoka.

Ijumaa, 20 Mei

Rigby aliacha mfuko wa viazi mlangoni kwa mzee, wa kumpa pole. Mzee akaniambia niurudishe. Nikaurudisha. Rigby alikuwa anapiga grisi mashine ya kukatia majani.

"Hii nini?"

"Anasema hapana, asante."

"Hapana asante nini? Mwambie mzee wako mimi sikupita pale."

"Si mzee wangu."

"Nilikata kona, ndiyo, hatua thelathini toka fimbo! Nimezunguka hizo fimbo miaka kumi na tisa kama mpumbavu, baa nzima wananiita yaya wa ndege, leo ananirudishia viazi?" Akautupa mfuko ndani ya trela, viazi vikatawanyika. "Mwambie mwakani asijisumbue na fimbo. Nitakata moja kwa moja, toka waya hadi waya."

Nilipofika kwa mzee nilimwambia Rigby kasema sawa.

Jumatano, 25 Mei

Leo ndiyo ilikuwa na duara.

Jumamosi, 28 Mei

Dume bado yupo. Nilikaa dakika ishirini akapita mara mbili. Kadi ya Kez: anakuja Agosti, ana rafiki anaitwa Minty, Minty ni balaa, Minty kafanya hivi, Minty kafanya vile. Karibu kadi nzima. Hongera zake Minty.

Jumapili, 5 Juni

Juu ya ule mlango wa behewa wa kituo cha 6 kulikuwa na mfuko wa plastiki chini ya tofali. Ndani yake picha. Jike, karibu kabisa, amekaa kwenye kiota, kila unyoya unaonekana, tone la mvua limesimama juu ya mdomo wake. Anatazama moja kwa moja kwenye kamera. Nyuma ya picha: "Tulikuja Jumapili, hukuwepo. Jamaa zangu wanne hawakuamini. Asante sana, mwenzangu! Russ."

Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Amejitahidi. Kaifunga vizuri isilowe.

Alhamisi, 9 Juni

Mvua. Dume hakupita.

Ijumaa, 10 Juni

Mvua. Hakupita.

Jumapili, 12 Juni

Dakika ishirini, halafu ishirini nyingine. Malori, barabara kuu, mimi. Mzee anasema wakipoteza mayai hawakai, wanakwenda pwani mapema. Kama watarudi mwakani, watarudi kwenye mraba uleule. Huwa hawahami, anasema, ni wagumu kama Rigby.

Jumanne, 21 Juni

Mzee anadhoofika. Nyonga inapona, yeye hafanyi hima. Zamani alikuwa akinisahihisha kila neno. Leo nikamwambia kituo cha 4 nimeona korongo saba, kumpima tu, na akasema "Vizuri."

"Bwana Eckersley, walikuwa wawili."

"Vizuri pia."

Ningeomba anitukane.

Tumefanya kazi ya toleo la saba. Anasoma, naandika. Amenitaka niandike kwenye jalada la ndani: "Ramani imerekebishwa na S. Unsworth." Nikasema si lazima. Akasema, "Ni lazima, umezunguka wewe." Mwalimu yule angeona! Jina langu ndani ya kitabu, na sijaiba kitabu chenyewe.

Halafu akanitamkia barua ya Rigby. Fupi. Kwamba miaka kumi na tisa alimwamini kwa neno tupu, kwamba angekuja kumwambia ana kwa ana lau miguu ingekuwapo, kwamba hawana tena la kuongea. Nimeiandika kwa mkono wangu. Akatia sahihi. "Mpelekee kesho."

Jumatano, 22 Juni

Mvua. Sikupeleka barua, ingelowa.

Alhamisi, 23 Juni

Jua. Sikupeleka.

Jumatatu, 27 Juni

Leo mzee aliomba ramani ya mwisho, ile safi ya kupelekwa kwa mpiga chapa. Aliivuta karibu na dirisha akaipitia na kioo cha kukuza. Akaweka kidole juu ya mraba mweupe.

"Hapa sasa jaza," akasema. "Andika: Shamba la Rigby, majani ya ng'ombe. Chora waya na lango. Hakuna cha kuficha tena."

Nikachukua kalamu. Nimechora mitaro yote ya kinamasi kile, nimechora mti ulioanguka nikiwa na miaka kumi. Ile kalamu haikushuka.

"Wino umekwisha," nikasema.

"Kuna chupa nzima hapo."

"Nitajaza nyumbani."

Akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano kama ananiona mimi, si dirisha lililo nyuma yangu. "Haya, mwanangu. Nyumbani." Kisha, nikiwa mlangoni: "Barua ulimpa?"

"Ndiyo," nikasema.

Alhamisi, 30 Juni

Karatasi ya friji asubuhi: "Mbona huli?" Nikakaa jikoni nikamsubiri Mama aamke. Alishtuka kunikuta. Tukanywa chai. Nikamwambia ile siri, ya viazi, yote. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mzee anajua?" Nikasema kesho namrudishia daftari. Alinikatia kipande cha mkate akakipaka siagi kama nina miaka sita.

Nimeikalia barua ya Rigby siku tisa. Iko hapa, katikati ya ukurasa huu na unaofuata, na picha ya Russ nimeibandika kwa gundi chini yake. Mraba bado mweupe. Nilisema kurasa zangu nitazichana. Nimezishika leo, kurasa za nyuma zote, ni kama unene wa kipande cha mkate, na hazichaniki. Maana yake zinachanika, lakini sizichani.

Basi, Bwana Eckersley, ikiwa umeanza mbele kwenye hesabu ukafika huku, soma vizuri. Rigby hakupita pale. Alama zake ziko hatua thelathini toka fimbo, nilipima mwenyewe. Mpelekee mvinyo, au nitampelekea mimi, anitukane hadi achoke, kisha mwakani azunguke fimbo.

Nimeandika huko juu kwamba nilimsaidia Russ kidogo na ramani yake. Hivi ndivyo ilivyokuwa. Alifungua ukurasa wa ramani, akagusa peupe, akasema, "Mzee huyu mbona hapa hakufika?" Akacheka. Nikasikia wewe unachekwa, kwa kichekesho kilekile changu. Ningeweza kumwachia acheke. Lakini chai ilikuwa mkononi, blanketi liko magotini, na nilikuwa sijaongea na mtu wa kukaa karibu tangu Januari. Nikasema mimi najua kitu ambacho kitabu hakijui. Akageuka kunitazama. Nilitaka aendelee kunitazama hivyo. Sikusahau uliyoniambia, Bwana Eckersley, usije ukanitetea kwamba nilisahau. Nilikumbuka neno kwa neno, kunguru, njia, watu wema, hata paka alivyokuwa amelala. Nikahesabu nguzo toka langoni, nikaweka msalaba mdogo, safi, mahali penyewe kabisa, hukuwahi kunifundisha kuchora vizuri vile.

Yeye hakuwa na kalamu. Penseli ilikuwa yangu.